Kilele kwenye Sifuri

…na kama kingekuwa cha uongo kisingetokea kila mara, uongo hauna subira hiyo, uongo hutokea mara moja ukajiendea zake, lakini hiki kilele kimetokea kila walipopima, uso huu wa fuwele, uso ule, ubavuni, juu, palepale kwenye sifuri ya volti, kirefu, chembamba, kimesimama wima katikati ya grafu utadhani kinapigiwa wimbo wa taifa, basi ni cha kweli, nini tena, ajibu ndiyo yaishe… na Bertha akataka kujitikisia kichwa kwa kujikubalia, akasahau kwamba asubuhi hii kichwa si chake, ni mali ya shangazi Rosemary, kimebanwa katikati ya magoti yake mawili hapa uani kwa mama, Mchinga, nusu kimesukwa na nusu kimesimama ovyo, na chanuo likamgonga utosini, "Tulia we mtoto, mstari unapinda," mtoto, ana miaka thelathini na mbili mtoto huyo, ana shahada mbili na nusu, na hiyo nusu ndiyo iliyolala mapajani mwake sasa hivi, ndani ya simu, katika ujumbe wa Jonas kutoka maabara, kule Ujerumani, ujumbe mfupi kama kawaida yake Jonas, Profesa kamaliza kuisoma makala, jina lako ndilo la kwanza, anaituma leo, tunasubiri neno lako moja tu. Neno moja. Akisema ndiyo, shahada imekwisha, Desemba anafunga mizigo anarudi nyumbani moja kwa moja, pale chuoni Dar wameshamwambia njoo hata kesho, na akisema hapana… lakini aseme hapana kwa sababu gani, mtu mwenye akili timamu, aliyegandishwa na baridi miaka mitano, aseme hapana kwa sababu gani?

"Huyu nywele zake zimekuwa kavu," shangazi akasema juu ya kichwa chake, kama vile kichwa hakina masikio, "huko walikuwa wanampaka nini?" na mama, Lusia wa watu, aliyekaa kwenye mkeka na ungo wa mchele mbele yake, akajibu, "Wangempaka nini, huko hata nazi wanauziwa kwenye kopo," na wote wawili wakaisikitikia Ulaya kwa pamoja, na Bertha akacheka kidogo, akachomwa tena na chanuo, na akajua kwamba ana raha, hilo asilifiche, ana raha ya kukaa chini bila viatu, ya jua lililokwisha panda lakini halijawa kali, ya mafuta ya nazi yanayomchuruzika nyuma ya sikio, ya mambo kusemwa juu yake na yeye asiulizwe, angekuwa na raha kamili kabisa lau si hii simu… Jumapili ni misa ya shukrani, shangazi ndiye aliyemwambia juzi alipofika, mama yako kaenda kwa katekista mwenyewe, na padre anakuja kutoka Lindi, na Bertha akajua mara moja, ah, yule mdogo wangu Cletus hana kifua, kumbe nilipompigia simu nikamwambia tumegundua kitu usimwambie mtu, ndiyo kamwambia mama, na mama akishaambiwa Mchinga nzima imeambiwa, basi ndiyo hiyo shukrani ya ugunduzi, na huo mchele, kilo na kilo za mchele, unachambuliwa kwa ajili ya kilele kilichosimama kwenye sifuri… ajibu ndiyo basi, watu wamekwisha andaa mchele.

Na jana usiku mama alimuuliza wakati wa kula, kwa adabu, kama mtu anayemuuliza mkwewe habari za kazini, hivi hasa mnapima nini, na Bertha alijieleza vizuri, alijisikia mwenyewe akijieleza vizuri, kwamba mama, kuna vitu ukivipoza mpaka baridi isiyosemeka vinapitisha umeme bila kupoteza hata chembe, elektroni ndani yake zinatembea mbilimbili, zimeoana zote, hakuna nafasi ya mseja, sasa sisi tunachukua sindano ya chuma yenye ncha kali kuliko ncha yoyote uliyowahi kuiona, tunaisogeza karibu na hicho kitu bila kukigusa, bila kukigusa kabisa mama, na elektroni moja moja zinapenya ile nafasi tupu kutoka kwenye sindano, kama mtu anayepita ukutani, "Bila kupiga hodi?" mama akauliza, na Bertha akafurahi, akasema hodi wanapiga, volti ndiyo hodi, ukipiga polepole hujibiwi, ukiongeza sauti hujibiwi, mpaka ufikie kiasi fulani ndipo mlango unafunguka, na huo ukimya wa kutojibiwa ndio tunaouita mwanya, ndio tunaoupima, ukimya una upana gani. Na vile vya kawaida, mama, ukimya wake ni uleule kila upande, lakini kuna hivi vyetu, vya ajabu ajabu, hivi upande hadi upande vinatofautiana, mlango wa mbele lazima upige kelele, mlango wa uani ukinong'ona tu umekaribishwa, kwa hiyo ukitaka kukijua lazima ukizunguke, na mama akasema, "Kama nyumba za watu," akaongeza mboga kwenye sahani, na Bertha akalala amefurahi… akalala amefurahi, ila katikati ya kujigeuza kitandani kikaja kitu kidogo kikakaa kifuani, kitu kama swali, upande hadi upande vinatofautiana, ndivyo ulivyomwambia mama yako, sasa mbona kilele chako, ule mlango unaofunguka bila hodi kabisa, hakitofautiani… akakifukuza, akajifunika shuka gubigubi, joto lote lile, akajifunika.

"Geuka kidogo, huku," na magoti ya shangazi yakamgeuza, na mbele yake sasa kukawa na ukuta wa uani na kamba ya nguo na kanga mbili za mama zinakauka, na akaanza tena kujipa moyo, kwanza si yeye peke yake aliyekiona, Profesa amekiona, Jonas amekiona, ule mkutano wa ndani watu walipiga makofi, na mwanya wenyewe ulikuwa mpana, mpana kuliko wa maabara nyingine zote zilizopima kitu hichohicho, karibu mara mbili, na Profesa, mzee wa watu asiyecheka ovyo, alivua miwani akaifuta akaivaa tena akasema hii sindano msiibadilishe, hii sindano ina mkono wa baraka, na ni kweli, sindano nyingine zinalegea baada ya wiki moja lakini hii ilikaa kwenye chombo mwezi mzima inatoa grafu nzuri zinazofanana kama sare za shule, tangu ile siku umeme ulipocheza… na hapo alicheka sana siku ile, hata Ulaya umeme unacheza, akampigia Cletus akamwambia hata huku bwana… taa zikafifia, kifaa kinachoishikilia sindano kikashtuka, sindano ikazama kwenye fuwele kama mguu kwenye tope, hakuna wa kulaumiwa, huwa inatokea, wakaitoa, wakaigusisha kwenye kipande cha dhahabu kuisafisha kama wafanyavyo watu wote wa kazi hii, wakaikagua, ncha kali, safi, wakarudi kazini, na ndiyo kuanzia hapo mambo yakawa mazuri. Kuanzia hapo. Akakaa na neno hilo, kuanzia hapo, halafu akaliacha, akasikiliza mchele unavyopepetwa.

Na hapo ndipo Bi Somoe alipoingia, kwa mlango wa uani bila shaka, na bila hodi, kwa sababu Bi Somoe ni mtani wa nyumba hii, Mmachinga, na hawa ni Wamakonde, na utani wao umeanza zamani kiasi kwamba hakuna anayekumbuka ulianza kwa ugomvi gani, alipokufa marehemu baba, Bi Somoe alilala mlangoni akasema maiti haitoki mpaka alipwe kuku, na watu waliokuwa wanalia wakacheka, mama mwenyewe akacheka na machozi yanamtoka, ndiye huyo, akaingia na beseni lake kichwani limefunikwa kwa kipande cha kanga, akasimama katikati ya uwanja, akakunja pua, "Jamani! Nyumba za Wamakonde zinanuka!" "Shikamoo, Bi Somoe," Bertha akasema kutoka magotini. "Marahaba, msomi wangu. Hata wewe umerudi unanuka. Nami nikasema labda ni hapa tu. Nimepita kwa mwalimu, kunanuka. Nimepita kwa fundi cherehani, kunanuka. Nikasema nitapata nafuu kule dukani kwa Gulamali, mtu anauza manukato yule, ubani, udi, nikaingia, astaghafiru, kunanuka vilevile! Mchinga nzima leo imeoza!" na mama akaweka ungo chini kwa kicheko, na shangazi akasema, "We bibi, shusha hilo beseni la papa kichwani mwako uone kama Mchinga haijapona," na Bi Somoe, ambaye aliujua mzaha wake tangu akiwa njiani, akajigusa beseni kwa mshangao wa kuigiza, akasema, "Ala! Kumbe natembea naye!" na uani kote kukawa kicheko, hata Bertha alicheka, alianza kucheka pamoja nao, na kicheko kikamfia katikati.

Kila nyumba anayoingia… kila uso wa fuwele waliougeuza… hata dukani, hata kwenye udi… tulia, tulia Bertha, usihemee juu, si yeye shangazi anayesema tulia, ni yeye mwenyewe, sindano ilizama kwenye fuwele ikatoka, ikagusishwa dhahabu, ikaonekana safi, lakini macho ya kuonea usafi huo ni yapi, kipande kidogo cha fuwele, kidogo kuliko kitu chochote chenye jina, kimenata kwenye ncha, nacho kikipozwa kinakuwa hivyohivyo kama mama yake fuwele, elektroni zake nazo zinaoana mbilimbili, nacho kina ukimya wake, kwa hiyo hodi inapigwa kutoka kwenye nyumba iliyofungwa kwenda kwenye nyumba iliyofungwa, ukimya juu ya ukimya, ndiyo maana mwanya umekuwa mara mbili, Mungu wangu, mara mbili, hesabu ya darasa la pili, na hicho kilele kwenye sifuri ni wale waliooana wa huku wanavuka pamoja kwenda kwa wenzao wa kule, bila kusukumwa, wanaamkiana, ndugu na ndugu, fuwele inajitazama yenyewe kwenye kioo na sisi tumepiga makofi… na hiyo harufu yetu haitofautiani upande hadi upande kwa sababu si ya nyumba, ni ya mgeni, tumeibeba wenyewe mlango hadi mlango, mwezi mzima, na Profesa anasema ina mkono wa baraka. Kwa pumzi moja au mbili alitamani Bi Somoe angepita njia nyingine leo, angekwenda kuuza papa wake Lindi huko, kwa sababu Desemba imekwisha, makala imekwisha, mwaka mwingine kule kwenye giza la saa tisa alasiri, labda miwili, na chuo cha Dar hakitamsubiri mtu miaka miwili, na mchele, na padre… halafu kikaja kitu ambacho hakukitegemea. Kifua kikawa chepesi. Kile kidude kilichokaa hapo tangu jana usiku, na akiwa mkweli si tangu jana, tangu wiki ile ya makofi, kile kidude kikainuka kikaondoka, na mahali pake pakabaki na raha, raha hasa, ile ya utotoni ya hesabu iliyokataa ikakubali, akawa anatabasamu peke yake akiutazama ukuta.

"Mnunue basi, mnacheka bure," Bi Somoe anasema, na mama anamwambia papa wako tutamtaka Jumatatu, Jumapili ni nyama, na Bi Somoe anasema nyama ya Wamakonde naijua mimi, mifupa mitupu, na Bertha yuko mbali, yuko wiki ya kwanza kabla umeme haujacheza, zile grafu za mwanzo, ziko kwenye faili walilolipa jina la mbovu, Jonas ndiye aliyelipa jina na yeye akakubali, mbovu kwa sababu hazifanani, ukipima juu zinatoa bonde pana, ukipima ubavuni bonde jembamba lenye mtaro mkali kama herufi V, ukipima kwenye kona kuna kichuguu kidogo cha haya haya hapo kwenye sifuri, upande huu kipo upande ule hakipo, wakasema hii sindano haina msimamo, wakaziweka kando… lakini ndizo hizo! ndivyo nyumba zilivyo, mlango wa mbele hivi na wa uani hivi, aliyasema yeye mwenyewe jana na mboga mdomoni, zile mbovu zilikuwa zinapima fuwele, na hizi nzuri zinapima sindano, na kichuguu kile cha haya si kirefu wala hakitapigiwa makofi, lakini ni cha kwao wenyewe, cha kona moja tu, kinasema humu elektroni hazikuoana kwa mtindo wa kawaida, na akakipenda palepale, kile kichuguu, kama unavyompenda mtoto mkimya baada ya kuona umekuwa ukimsahau. Na mbona hakuna aliyesema? Watu kumi na wanne maabara ile, wote wana akili kumshinda, hakuna hata mmoja aliyewaza? Aliwaza mtu, haiwezekani asiwaze, lakini nani atamwambia Profesa unanuka, wale ni watu wa adabu, wanakohoa, wanasema inavutia sana, wanasema pengine tungeangalia pia, hawana mtani, ndicho wanachokosa kule, wana mitambo ya mamilioni na hawana Bi Somoe, hakuna mtu mwenye ruhusa ya kuingia kwa mlango wa nyuma akakunja pua wote wakacheka na asiwepo wa kununa… basi awe yeye. Mgeni kutoka mbali, watamsamehe, na wasipomsamehe nayo ni kawaida, watazoea.

Akaiinua simu taratibu ili shangazi asimgombeze, akaandika kwa kidole gumba kimoja, kwa lugha yao, Jonas, msitume, ipelekeni sindano yetu ya baraka kwenye dhahabu tupu, dhahabu haina mwanya hata ukiipoza vipi, mkikuta mwanya kwenye dhahabu basi mjue tunatembea nao, na mwambie Profesa ni mimi niliyesema, kisha fungua lile faili la mbovu ulitazame vizuri ndugu yangu, humo ndimo tulimo. Akausoma mara moja. Alama ya mtandao ilikuwa kijiti kimoja, kikafa, kikarudi, ukaenda. Akashangaa, alidhani kupoteza kitu kikubwa hivi kungekuwa na kishindo. Sasa limebaki lile gumu, gumu kuliko Profesa, limekaa kwenye mkeka linachambua mchele, na Bi Somoe amekwisha jitwika beseni ametoka na kejeli yake ya mwisho, na uani kumetulia.

"Mama."

"Ee."

"Ile misa ya Jumapili… ungemwambia katekista waiache kwanza." Vidole vya shangazi vikasimama kichwani. "Kwa nini, unaumwa?" mama akauliza, na akainuka nusu. "Siumwi. Ni ule ugunduzi, mama. Haupo. Tumekosea, tulikuwa tunajipima wenyewe, nimewaandikia sasa hivi wasitume. Sitarudi Desemba. Na mkisimama kanisani kushukuru kitu ambacho hakipo, mimi sitaweza kukaa pale."

Mama akamtazama, akamtazama wifi yake, akarudi kumtazama yeye, na uso wake haukuwa na huzuni hata kidogo, ulikuwa wa mtu anayejaribu kufuata. "Ugunduzi gani?" akasema. "Cletus hakukwambia?" "Cletus ananiambia nini yule, yule akipiga simu ni ya kuomba vocha." Halafu ikamwingia, na Lusia akacheka, si kicheko kile cha Bi Somoe, kingine, cha chini. "Bertha, umekaa kwenye barafu miaka mitano. Watu wanateleza huko wanavunjika viuno, naona kwenye simu. Nimemwambia padre mwanangu kafika, mzima, miguu yake miwili. Hayo ya sindano ningemweleza nini mimi? Hata jana sikuelewa vizuri, nilipenda tu unavyosema." Na shangazi akasema, "Naye anataka kufuta misa ya watu," akamsukuma kichwa mbele, akarudi kwenye mstari wake, na Bertha akaacha kichwa kiende kinakopelekwa, macho yamejaa, acha yajae, hakuna anayeyaona isipokuwa ukuta… kumbe hata angerudi na grafu tupu, isiyo na mwanya wala kilele wala kichuguu, imelala tu kutoka mwanzo hadi mwisho, mchele huu ungechambuliwa vilevile.